Chumba cha Wenye Kiu

"Mtu wa kunitambua mimi bado hajazaliwa," Kinyonga alimwambia bosi wake asubuhi hiyo, "na mama yake mwenyewe bado hajachumbiwa."

Bosi hakucheka. Alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake ikining'inia kifuani kwa mnyororo, na watumishi wote wa Mfuko wa Afya wa serikali walimwita Mkasi, ila kwa kunong'ona na baada ya kuchungulia mlangoni. Jina lilimkaa. Alikata safari, akakata posho, akakata mpaka sukari ya chai ya saa nne. Mwaka uliopita alikata watu: wasusi, maseremala, wachuuzi, kila asiye na mwajiri wa kumchangia, kundi zima likatolewa kwenye bima kwa saini moja. Si kwamba alikuwa na roho mbaya. Mfuko ulikuwa unavuja, na gharama za matibabu zilikuwa kama maziwa jikoni: ukigeuka kidogo tu, yameshafika mdomoni mwa sufuria.

"Kaa," Mkasi alisema. "Wewe ni mpelelezi, niambie. Mgonjwa wa figo anapokwenda kusafishwa damu, anafurahi?"

"Anachomwa sindano mbili nene kama misumari, bosi, halafu anakalishwa kwenye kiti nusu siku. Afurahi nani?"

"Basi nieleze jambo hili. Kila mgonjwa wa figo tunamlipia mara tatu kwa wiki. Na kila mahali watu hukosa. Huyu amefiwa, yule gari limemharibikia, mwingine amechoka tu. Lakini kuna kituo kimoja hapa mjini ambacho hakuna anayekosa. Hakuna. Hata harusini watu hukosa, Kinyonga. Hata bwana harusi hukosa!"

"Wanabonyeza kidole?"

"Kila mmoja, kila siku yake. Mashine inasema kidole ni chake." Mkasi akavaa miwani. "Saa sita Waziri anataka jibu langu. Nikiwa na mwizi, nitampa mwizi. Nisipokuwa naye, nasaini amri: mara tatu zinakuwa mara mbili. Nchi nzima."

Kinyonga aliacha kutabasamu. Alikuwa ameshafanya kazi kwenye wodi za kutosha kujua maana ya amri hiyo. Wapo ambao wangeweza kuvumilia na mara mbili. Wengine wangejaa maji taratibu, miguuni kwanza, kisha mapafuni, wakazama kitandani penye shuka kavu.

"Nitakupa mtu kabla ya saa sita," alisema.

"Na wasikujue."

"Bosi! Mimi nimekaa wodi tatu za wazazi nikijifanya mume wa mtu, mpaka wakunga wakaanza kunipa hongera."

* * *

Leo alikuwa mpwa wa mtu. Shati la mikono mifupi lililofubaa kolani, kandambili, kofia, na sura ya mwanamume aliyetumwa na mama yake kufanya jambo asilolielewa. Hadithi yake ilikuwa fupi, maana uongo mrefu humkwaza mwenyewe: mjomba wake anaumwa figo, anahamia mjini, naye amekuja kuona kituo. Jua lilikuwa kali tangu mapema, kwa hiyo akanunua chupa kubwa ya maji njiani, ya baridi, inayotoa jasho. Chupa nayo ilimfaa. Nani atamshuku mtu mwenye kandambili na chupa ya maji?

Kituo kilikuwa ghorofa ya chini ya hospitali ya serikali, mlango wa kijani, na ndani ukumbi wa kungojea wenye viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja kama wafungwa. Alikaa pembeni, akausoma utaratibu kwa macho. Mgonjwa anaingia. Anabonyeza kidole kwenye kidude pale mapokezi. Taa nyekundu inageuka kijani. Anapanda mizani iliyo kando ya mlango wa ndani, muuguzi anasoma uzito kwa sauti. Anaingia chumba cha viti. Saa nyingi baadaye anatoka na plasta mkononi, anapanda tena mizani, anakwenda zake, amepungua. Kidole, mizani, kiti, mizani, plasta. Mwizi yeyote, Kinyonga aliwaza, lazima aruke hatua moja kati ya hizo.

"Umeongezeka, mzee," muuguzi alimwambia jamaa mmoja mwenye tumbo la ngoma juu ya mizani.

"Kuongezeka si vibaya, dada. Mke wangu anasema nimenawiri."

"Ni maji hayo."

"Basi usimwambie, anajisifu ni mapishi yake."

Ukumbi ukacheka. Jamaa huyo walimwita Breki. Aliendesha malori maisha yake yote mpaka figo zilipomsimamisha. Mbele yake kidogo alikuwa ametangulia mwanamke mzee, mwembamba, mwenye mkoba mweusi na mgongo ulionyooka kama rula. Wote walimwita Mwalimu. Mwalimu alibonyeza kidole, taa ikawa kijani, kisha akaipita mizani bila kuitazama, kama mtu apitaye duka analodaiwa.

Kinyonga aliliona hilo, akaliweka kichwani. Koo likamkauka kwa furaha ya kazi. Akafungua chupa, ikalia *psss*, akainua kichwa na kuyapiga maji mafunda makubwa, gudu gudu gudu, hadi nusu ya chupa ikashuka. Akajifuta mdomo kwa kiganja na kusema, "Aaah."

Mazungumzo ukumbini yalikatika, kama redio iliyoishiwa betri. Wanawake wawili walitazama sakafu. Breki, aliyekuwa ameshika mlango, aliitazama chupa, akamtazama mwenye chupa, akameza mate. Kisha mtu akakohoa, na maneno yakarudi.

Kandambili zangu, Kinyonga alijiambia. Watu wa mjini wanapenda kudharau kandambili.

Breki aliuacha mlango, akaja kukaa karibu naye. "Ndugu yangu, nani wako anaumwa?"

"Mjomba. Figo zimemkataa."

"Pole sana. Mnakaa naye nyumba moja?"

"Nyumba moja, chumba kwa chumba. Mimi ndiye nimtunzaye."

"Wewe mwenyewe?" Breki akatikisa kichwa kwa huruma kubwa mno. "Mungu akulipe sawasawa na unavyomtunza." Akainama, akashusha sauti. "Mahali pazuri hapa, ila… mimi sisemi kitu. Mimi ni mgonjwa tu. Lakini kuna fundi wa mashine hapa. Kila asubuhi anatoa maboksi kwa mlango wa nyuma. Yamejaa nini? Sijui. Na ile saa mkononi mwake, amenunua kwa mshahara upi? Sijui. Mimi sisemi kitu."

"Hujasema kitu, mzee," Kinyonga alimhakikishia, na kabla Breki hajasimama vizuri, mpwa wa mjomba alikuwa ameshaulizia choo kilipo.

* * *

Uani nyuma ya kituo palikuwa na tanuri la kuchomea taka za hospitali, benchi la saruji, na kamba ndefu zilizoanikwa mashuka meupe, safu kwa safu, mpaka mtu aliweza kupotea kati yake. Fundi alikuwa akipakia maboksi kwenye mkokoteni. Kijana mrefu, mwenye dharau ya watu wanaojua kurekebisha vitu, na mkononi saa kubwa inayong'aa kama sahani ya harusi.

"Kaka, vyoo viko upande ule."

"Natafuta kazi ya kubeba," Kinyonga alisema, na tayari mkono wake ulikuwa ndani ya boksi.

"Toa mkono, hivyo vina damu!"

Vilikuwa na damu kweli. Vichujio, yale makopo membamba ya plastiki ambamo damu ya mgonjwa hupita ikachujwa, kila kimoja chekundu ndani kama soseji. Kinyonga aliinua kimoja, akakigeuza juani.

"Unavipeleka wapi?"

"Motoni. Ulidhani napeleka sokoni?"

"Vyote ni vya jana?"

"Vya jana. Kila kiti, kichujio kipya. Kikishatumika, kinakuja huku. Wewe mbeba mizigo gani unauliza kama hakimu?"

"Mama yangu alikuwa mbishi, nimemrithi." Kinyonga alipekua boksi la pili, na la tatu. Asubuhi ile Mkasi alikuwa amemwambia idadi ya vidole vilivyobonyezwa jana. Vichujio vililingana navyo, hakikupungua hata kimoja. Na vyote vilikuwa vimepitiwa na damu, hakuna aliyevichovya rangi. Kwa hiyo hakuna aliyelipisha serikali kwa kiti kitupu. Kila kidole kilikuwa na damu yake.

"Saa nzuri," alisema, akijaribu tuhuma ya mwisho.

"Haitembei." Fundi aliivuta juu. Chini yake palikuwa na kovu la moto, bichi na la kung'aa, limezunguka kifundo cha mkono. "Hili tanuri liliniramba. Mchumba wangu akiliona hali chakula, kwa hiyo nalivalisha saa. Umeridhika, hakimu? Au nivue na suruali?"

Kinyonga aliomba radhi, akageuka. Fundi alikuwa safi kama mashuka yale. Asubuhi ilikuwa inayeyuka na yeye alikuwa ameitumia kupekua taka.

Hapo ndipo alipomwona Mwalimu.

Alikuwa amekaa kwenye benchi, kivulini, mkoba mapajani, anafyonza kipande kidogo cha barafu alichokishika kwa leso. Mwalimu yuleyule aliyebonyeza kidole. Aliyepaswa sasa hivi kuwa amefungwa kwenye kiti ndani, damu yake ikizunguka mashineni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Jua kali. Karibu maji." Akamnyoshea chupa. Adabu humfungua mtu mdomo, na pia humfanya anyoshe mikono. Mikono ya Mwalimu ilikuwa wazi mpaka juu ya viwiko. Hakukuwa na plasta, wala pamba, wala alama mpya.

Mwalimu aliitazama ile chupa kwa muda mrefu kuliko chupa inavyostahili kutazamwa. Kisha akamtazama yeye, kuanzia kofia hadi kandambili, polepole, kama anayesahihisha.

"Ahsante," alisema. "Nina barafu yangu."

* * *

Ndani ya chumba cha viti palikuwa na ubaridi na mlio mmoja wa mashine nyingi. Viti vya ngozi vilipangwa kando ya ukuta, na katika kila kimoja mtu amelala nusu, mrija mwekundu ukitoka mkononi na mwingine ukirudi. Kinyonga aliingia akiwa na uso wa mpwa anayekagua. Juu ya kila kiti palikuwa na kibao kidogo cha kuandikia na kufuta. Cha dirishani kiliandikwa: *Mwalimu*.

Aliyekaa chini ya kibao hicho alikuwa binti ambaye hata kitambulisho cha kupigia kura huenda alikuwa nacho cha juzi. Nywele zake zilikuwa zimesukwa vizuri mno, ndogo ndogo, upande wa kulia tu. Upande wa kushoto ulikuwa umeachwa, kama aliyejisuka mwenyewe akaishiwa nguvu. Vidole vyake vilikuwa na mikato myembamba ya uzi. Kandambili moja ilikuwa imemdondoka, na mguu uliobaki wazi ulikuwa umevimba, unang'aa.

Kinyonga alisimama mbele yake. Mwanamume wa umri wa babake mdogo. Akavua kofia, akainama.

"Shikamoo, Mwalimu."

Binti alishtuka. Macho yakaenda kwenye kibao, yakarudi.

"Ma… marahaba, mwanangu."

Kwenye kiti cha tatu Breki akapaliwa na hewa. Alikohoa mpaka mashine yake ikalia, na muuguzi mkuu akaja mbio, mwanamke mpana wa mabega, anayeitwa Sista na kila mtu, hata na madaktari. Alizima mlio, akamtazama Breki, akamtazama binti, kisha akavuta pazia baina ya binti na Kinyonga kwa mkupuo mmoja.

"Wewe ndugu ya nani?"

"Mjomba wangu atahamia hapa, Sista. Nilikuwa naangalia kama atapata kiti."

"Njoo nikuonyeshe viti."

Alimpeleka kwenye stoo ya dawa, akafunga mlango, akaegemea. Hapakuwa na kiti hata kimoja.

"Uliza," alisema.

Kinyonga hakuvua sura yake ya mpwa. "Tuseme mjomba wangu anafika. Tuseme siku moja amejiona mzima, hataki kuchomwa. Kiti chake kinakaa tupu?"

"Zamani kilikaa tupu."

"Na siku hizi?"

Sista alikunja mikono. "Tuseme kuna binti. Msusi. Alikuwa na kadi ya bima kama wewe na mimi. Mwaka jana akaamka, kadi haifanyi kazi, akaambiwa serikali inabana matumizi. Figo zake hazikuambiwa. Tuseme binti huyo alikuja akakaa ukumbini pale, amevimba, anahema kama samaki. Kulipa mwenyewe hawezi, hata angesuka mji mzima. Ungemwambia nini?"

"Mimi ni mpwa wa mtu tu."

"Basi wagonjwa ndio waliosema. Mimi sikusema. Walikaa wakapanga zamu. Leo huyu anabonyeza kidole, anainuka, msusi anaketi. Kesho yule. Mwenye nguvu wiki hii anamwazimisha asiye na kadi kiti chake."

"Ni huyo msusi peke yake?"

Sista alianza kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, akahamia wa pili, akaacha.

"Na anayeazimisha, anabaki salama?"

"Anavimba miguu. Hamalizi usiku bila kuketi apate kupumua. Asubuhi anakuja anacheka." Alifungua mlango. "Tuseme tu. Mjomba wako asalimiwe."

Ndivyo hivyo basi. Kinyonga alisimama peke yake kati ya maboksi ya dawa, akaipanga kesi upya. Mahali pengine watu walikosa, na kukosa kwao ndiko kulikopunguza gharama za serikali. Hapa hakuna kiti kilichoachwa kipoe. Walikata watu kwenye bima ili kuokoa fedha, na watu wakarudi kwa mlango wa vidole vya wenzao. Ukikaza bomba huku, maji hutafuta pengine pa kutokea.

Mkasi alitaka mwizi. Mwizi alikuwa chumba kizima.

* * *

Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia kukutanisha mishale yake alipotoka tena uani. Benchi lilikuwa tupu. Jua lilikuwa limepanda mpaka kwenye saruji, kivuli kimehama. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Mashuka tu, yakipepea. Akapiga simu.

"Sema," Mkasi aliitika kabla haijaita mara mbili. "Waziri yuko laini nyingine."

"Nimepata."

"Nani?"

Ukisema kweli, msusi anang'olewa kwenye kiti kabla damu yake haijamrudia yote, na Mwalimu, na Breki, na wote waliobonyeza wananyang'anywa kadi. Ukisema hujapata kitu, kalamu inashuka, nchi nzima inabaki na mara mbili. Kinyonga aliutazama mlango wa nyuma. Mkokoteni ulikuwa pale. Boksi moja lilikuwa limebaki.

"Ni fundi wa mashine," alisema. "Anaiba vichujio. Vinatoka kwa mlango wa nyuma, vinauzwa, halafu anaichezea mashine ya vidole ionekane vimetumika."

"Una uhakika?"

"Nimeshika maboksi kwa mikono yangu, bosi."

"Fundi peke yake?"

"Peke yake. Wagonjwa hawana kosa."

Mkasi alipumua, na ilikuwa mara ya kwanza Kinyonga kumsikia akipumua. "Basi sisaini. Namwambia Waziri tumempata. Polisi watamfuata kabla hajala chakula cha mchana. Na wewe, hawakukujua?"

"Bosi! Nilikwambia, wa kunijua bado…"

"Hajazaliwa, ndiyo. Umefanya vizuri."

Simu ikakatika. Kinyonga aliitia mfukoni, akafungua chupa, akainua kichwa.

"Kabla hujanywa," ilisema sauti, "sogea huku kivulini."

Ilitoka nyuma ya shuka la pili. Kinyonga aliliinua kwa kidole. Mwalimu alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mkoba mapajani, mgongo rula. Kivuli kilihama, naye akakifuata. Hakuwa amekwenda mbali zaidi ya urefu wa mkono.

"Mama, sikujua…"

"Hukujua nipo. Mimi nilijua upo tangu asubuhi." Alikunja leso yake iliyolowa. "Mtu anayeishi na mgonjwa wa figo, chumba kwa chumba, hanywi maji mbele ya watu wa figo. Sisi tunapimiwa maji kwa kikombe cha chai, mwanangu. Kutwa nzima, na dawa tunamezea humo humo. Nyumbani kwangu wajukuu wanakwenda kunywa nje, nyuma ya jiko, na hakuna aliyewafundisha. Wewe ulipiga mafunda katikati ya ukumbi ukasema *aaah*. Halafu ukaja kunikaribisha na mimi!"

Kinyonga aliitazama chupa iliyokuwa mkononi mwake kana kwamba mtu alikuwa ameiweka pale.

"Wote walijua?"

"Breki alijua kabla hujafunga kifuniko. Sista alijua. Msusi hatukumwambia, maana hajui kudanganya, na umeona mwenyewe."

"Na Fundi? Ile habari ya maboksi?"

"Tulikupa Fundi." Mwalimu hakupandisha sauti. Hakuwa na haja. "Mimi nimesimamia mitihani toka wewe hujaota meno. Mkaguzi akija, mpe kitu cha kukagua. Tulikupa Fundi kwa sababu tulijua hana kosa. Tulisema atapekua, ataona ni safi, atapoteza asubuhi yake aende zake. Tulikuwa na hakika na jambo moja: kwamba mpelelezi akiona mtu hana kosa, atamwacha."

Upepo ulipeperusha mashuka, ukayashusha.

"Mama, nimewaokoa. Nimewaokoa nyote. Amri ya kuwapunguza kutoka mara tatu hadi mbili haikusainiwa. Binti yuko kwenye kiti."

"Kwa mgongo wa kijana wa watu."

"Nitamtoa baadaye. Kesi haitasimama, hakuna ushahidi…"

"Ushahidi ni wewe. Si umeshika kwa mikono yako? Nimekusikia." Aliinua kidole, kilekile alichobonyezea asubuhi. "Wapo watoto niliowafumania wakinakili jibu sahihi. Hao niliwasamehe wengine. Lakini anayejua jibu sahihi, akaandika la uongo kwa makusudi ili karatasi ipite, huyo nilikuwa sijamwona. Nimezeeka, leo nimemwona."

Mlango wa nyuma ukagonga ukuta. Fundi alitoka akipiga mluzi, akapakia lile boksi la mwisho, akawaona.

"Hakimu!" aliita. "Bado unapekua uchafu? Mwalimu, mwangalie huyo, atakupekua na wewe." Saa yake isiyotembea ikamulika juani. Akasukuma mkokoteni kuelekea tanurini, mluzi umerudi mdomoni.

Mahali fulani upande wa barabara king'ora kililia, kikanyamaza. Pengine kilikuwa cha gari la wagonjwa, na pengine sicho.

Mwalimu alinyosha mkono, kiganja juu.

"Nipe simu."

"Bosi wangu atakufungia kadi, Mama, kama alivyowafungia wasusi."

"Atafunga. Kwanza nitamwambia kidole ni changu. Kisha nitamwambia aliye kwenye kiti changu ni nani, na ni nani aliyemtoa kwenye bima, na kama anataka kukata mtu, aje amkate mbele ya macho yangu, nimshikie taa. Na wewe utasimama hapa hapa, useme kama ninasema kweli."

"Na akisaini amri?"

"Basi atasaini huku anajua. Sasa hivi hajui kitu. Umemnyima."

Simu ilianza kutetemeka mfukoni mwa Kinyonga. Aliitoa. Mkasi alikuwa anapiga tena, yeye mwenyewe, kabla ya kupigiwa. Kinyonga alitazama tanuri, akatazama mlango wa kijani. Alitazama kiganja cha yule mwanamke, kikavu, kimejaa mistari, hakitetemeki.

Akakiwekea simu.

Mwalimu hakuipokea mara moja. Alimtazama kwanza, kofia hadi kandambili, na jicho likasimama katikati.

"Na hiyo chupa," alisema, "ifiche. Watu wana kiu."